Turubai lipi halipitishi maji? Somo la magunia mawili ya makopa Mbwawa

Na Mwandishi Wetu, Kibaha

MVUA ilianza saa nane za usiku. Ilikuwa Novemba 2023, msimu wa vuli ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilikuwa imeshatoa tahadhari kuwa ungekuwa na mvua nyingi kutokana na El Niño. Shambani kwetu Mbwawa, Kibaha mkoani Pwani, magunia sita ya makopa ya muhogo yalikuwa nje yakisubiri gari.

Sikuwa na wasiwasi. Siku chache kabla nilikuwa nimenunua maturubai mawili mapya ya bluu, yenye karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza kwamba hayapitishi maji kwa asilimia 100. Moja nililitandika chini, magunia nikayapanga juu yake matatu matatu, na la pili nikafunika na kulifunga kamba pande zote. Nikalala usingizi.

Asubuhi nilipofunua, magunia manne ya juu na ya katikati yalikuwa makavu. Mawili ya chini, yaliyokuwa yamekalia turubai, yalikuwa yamelowa kama yametoka mtoni. Baada ya siku tatu makopa yake yalikuwa na ukungu mweusi na wa kijani. Mwenye mashine aliyatazama mara moja akatikisa kichwa. Yakaishia shimoni.

Jirani yetu, mzee ambaye amelima muhogo na korosho tangu ujana wake, naye alikuwa na magunia nje usiku ule ule. Turubai lake lilikuwa kuukuu, la lori, lenye viraka vitatu. Hakupoteza hata kilo moja. Chini hakutandika turubai kabisa. Alikuwa ameweka magogo, juu yake akalaza fito, ndipo akapanga magunia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza swali ambalo mkulima na mfanyabiashara mdogo anapaswa kuuliza kabla ya kutoa fedha yake: turubai lipi kweli halipitishi maji, na nitalijuaje nikiwa dukani? Makala haya yanajaribu kulijibu.

Turubai si anasa

Kwa mtu wa Mbwawa na vijiji vinavyopakana na Kisarawe, turubai ni kifaa cha kazi kama jembe na panga. Huanikia makopa, mahindi, ufuta na korosho. Hufunika mzigo wa mkaa na mananasi unaopelekwa Dar es Salaam. Mama mwenye genge huligeuza paa. Mwenye bodaboda hufungia mzigo wa mteja. Kwenye msiba na harusi ndilo ukumbi.

Mkoa wa Pwani hupata mvua mara mbili kwa mwaka: vuli kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei. Tatizo ni kwamba msimu wa korosho katika mkoa huu hukutana na vuli. Korosho huokotwa, huanikwa juani siku mbili au tatu, kisha hupelekwa ghalani kupimwa. Iliyolowa au isiyokauka vizuri hupata madoa na ukungu, na ikifika kwenye upangaji wa madaraja huteremka. Mkulima hulipwa pungufu kwa jasho lile lile.

Kuna hatari kubwa kuliko bei. Nafaka na mazao yanayohifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka 2004 nchini Kenya, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 kufariki dunia baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Hapa kwetu mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hii haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupika. Ndiyo maana viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Turubai bovu usiku mmoja wa mvua laweza kurudisha nyuma kazi yote ya kukausha.

Kipimo cha milimita

Viwanda vya vifaa vya kambi, yaani mahema na maturubai ya wapanda milima na watalii, vina namna ya kueleza uwezo wa kitambaa kuzuia maji. Hutumia kipimo cha kimo cha maji kwa milimita. Kitambaa hubanwa kwenye mashine, maji husukumwa upande mmoja kwa nguvu inayoongezeka taratibu, na matone matatu yanapotokeza upande wa pili ndipo kipimo husomwa. Utaratibu huo umewekwa katika kiwango cha kimataifa ISO 811.

Turubai likiandikwa milimita 1,500 maana yake linaweza kuhimili uzito wa maji yaliyosimama juu yake kwa kimo cha mita moja na nusu kabla ya kuanza kuvuja. Wengi katika biashara hiyo huchukulia milimita 1,500 kuwa mwanzo wa kuitwa kitu kisichopitisha maji. Chini ya hapo ni kitu cha kuzuia manyunyu.

Kampuni ya DD Hammocks ya Scotland, kwa mfano, huandika milimita 3,000 kwenye turubai lake la mita 3 kwa 3, ambalo ni polyester iliyopakwa polyurethane kwa ndani. Hilleberg ya Sweden hutumia nailoni iliyopakwa silikoni pande zote mbili. Hayo ni maturubai mepesi sana, yanayobebeka mgongoni, na bei yake si ya mkulima wa kawaida. Lakini yana somo.

Kwanza, polyurethane ni nafuu na mishono yake inaweza kuzibwa kwa utepe kiwandani, ila haipendi joto na unyevu kwa pamoja. Ikifungiwa miaka katika stoo yenye fukuto la pwani, hunata kisha hubanduka kama ngozi ya nyoka. Pili, silikoni hudumu zaidi katika hali hiyo, lakini utepe wa kawaida haushiki juu yake, hivyo mishono hupakwa gundi maalumu. Tatu, nailoni ikilowa hunyooka na turubai hulegea usiku, wakati polyester hubaki ilivyokazwa na huhimili jua vizuri zaidi. Anayekutana na maturubai ya aina hii kwenye mitumba ya vifaa vya kambi aangalie sana upande wa ndani. Ukinata au ukitoa magamba, aliache.

Maturubai mengi ya bluu, kijani au rangi ya chungwa tunayouziwa huku hayana kipimo hicho cha milimita. Maneno ya kuzuia maji kwa asilimia 100 yasiyo na namba nyuma yake si kipimo. Kwa hiyo mnunuzi lazima awe na vipimo vyake mwenyewe.

Kwa nini magunia ya chini yalilowa

Hapa ndipo nilipopata jibu la usiku ule. Maji yenye kina cha milimita 1 juu ya eneo la mita mraba 1 ni lita 1, na lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Kwa hiyo kila kilo 1 inayokandamiza mita mraba 1 ni sawa na milimita 1 ya kile kipimo.

Chukua gunia la mahindi la kilo 100. Likilazwa hushika eneo la kama nusu mita mraba. Hiyo ni sawa na kilo 200 kwa mita mraba, au milimita 200. Panga matano kwenda juu, unafika milimita 1,000. Mtu wa kilo 70 akikanyaga kwa mguu mmoja, unyayo wake ukiwa na sentimita mraba 150 hivi, anakandamiza kwa zaidi ya milimita 4,600. Hapo hata turubai zuri la kambi limepitwa.

Sasa linganisha na juu. Maji yakituama kwenye turubai lililobonyea kwa kina cha sentimita 10, hayo ni milimita 100 tu. Tone la mvua ya upepo hupiga kwa nguvu zaidi ya hapo, lakini kwa nukta ya wakati na kuondoka. Gunia hukandamiza usiku kucha.

Kwa maneno mengine, kazi ngumu kuliko zote kwa turubai ni kuwa sakafu. Watu wengi hufanya kinyume. Turubai jipya huwekwa juu lionekane, na lile lililochoka hutandikwa chini. Ongeza na visiki, kokoto na mabua makavu yanayotoboa kutoka chini, na utaona kwa nini magogo na fito za jirani yetu ziliyashinda maturubai yangu mawili mapya.

Aina zilizopo sokoni

Kuanzia maduka ya Maili Moja hadi Kariakoo, maturubai yanaweza kugawanywa katika makundi matano.

La kwanza ni turubai la plastiki la kufuma, ambalo wengi huliita nailoni. Ndani lina nyuzi bapa za polyethilini zilizofumwa kama mkeka, na juu na chini limepakwa utando mwembamba wa plastiki hiyo hiyo. Nyuzi hutoa nguvu, utando huzuia maji. Utando ukiwa mzima, maji hayapiti. Ukichanika, ukapasuka kwenye mikunjo au ukatobolewa, kinachobaki ni mkeka. Kwa hiyo kwa aina hii swali ni utando ni mnene kiasi gani na utadumu muda gani juani.

La pili ni turubai la PVC, ambalo madereva wa malori hulitumia. Ni kitambaa cha polyester kilichozamishwa katika plastiki nzito. Vipande vyake huunganishwa kwa joto badala ya sindano, hivyo mshono wenyewe hauvuji. Linadumu na linawekeka viraka kwa gundi. Ubaya wake ni uzito na bei.

La tatu ni turubai la kitambaa, la pamba au pamba iliyochanganywa na polyester. Hili ndilo la kale. Neno turubai lenyewe tumelitoa kwenye Kiingereza, wakati mabaharia walipopaka lami vitambaa vya kufunikia shehena. Viwanda kama Tarpo cha Nairobi bado hushona mahema na maturubai ya namna hii. Uzi wa pamba ukilowa huvimba na kuziba matundu, na dawa ya nta huongeza kinga. Faida yake kubwa ni kwamba hupumua, hivyo mazao hayatoki jasho sana. Hasara ni mbili. Likilowa, ukiligusa kwa ndani maji huanza kupenya pale pale ulipogusa. Na likikunjwa na kuhifadhiwa bichi, huoza.

La nne ni hayo ya kambi niliyoyaeleza.

La tano ni mabango ya matangazo yaliyotumika, ambayo hushushwa barabarani na kuuzwa kwa bei nafuu. Mengi ni PVC na kweli hayapitishi maji. Yanafaa kwa paa la genge, banda la kuku au kufunika kuni. Hata hivyo yana wino na kemikali, na hayakutengenezwa kugusana na chakula. Usianikie mahindi, makopa wala korosho juu yake.

Mizani ni shahidi

Kipimo cha kwanza ambacho mnunuzi anaweza kufanya bila kubishana na mtu ni uzito. Viwanda huuza turubai kwa gramu kwa mita mraba. Nyepesi kabisa zina gramu 60 hadi 100. Maturubai ambayo mashirika ya misaada hununua kwa ajili ya makazi ya dharura, mfano yale ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) yaliyotumika katika kambi za Kigoma kama Nyarugusu, ni ya karibu gramu 200, yenye nyuzi nyeusi katikati kwa ajili ya kuzuia mwanga na kuhimili jua. Turubai la lori la PVC huanzia gramu 500 na kuendelea. Maturubai yenye nembo za mashirika hayo ni ya walengwa wa misaada na hayapaswi kuuzwa. Ninayataja hapa kama kigezo tu.

Hesabu ni rahisi. Turubai la mita 4 kwa 6 lina mita mraba 24. Liweke kwenye mizani ya duka. Likiwa kilo 2.4, gawanya gramu 2,400 kwa 24, unapata gramu 100. Likiwa kilo 4.8 ni gramu 200. La kilo 1.5 ni gramu 62 tu, na hilo ni la msimu mmoja hata kama rangi yake inang'aa namna gani.

Kabla ya kugawanya, lipime urefu na upana kwa futi kamba. Lililoandikwa 4 kwa 6 wakati mwingine hupungua baada ya kukunjwa pindo, na mengine hupimwa kwa futi. Kupunja vipimo ni kosa, na Wakala wa Vipimo (WMA) ndio wenye jukumu la kulisimamia. Bidhaa bandia yenye nembo ya kuiga hushughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC), na masuala ya ubora ni ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Tunza risiti. Bila risiti malalamiko hayana miguu.

Vipimo vinne vya nyumbani

Muuzaji hatakuruhusu umwage maji dukani kwake. Njia iliyo bora ni kikundi, iwe cha kuweka na kukopa au chama cha ushirika cha msingi, kununua turubai moja kwanza, kulijaribu, kisha kuagiza mengine ya aina ile ile.

Kipimo cha mwanga. Watu wawili walinyanyue turubai jua la saa sita, wa tatu aingie chini. Nukta za mwanga mkali kama nyota ni vitobo. Turubai jipya halitakiwi kuwa na hata moja. Angalia zaidi kwenye mikunjo ya kiwandani na kuzunguka pete za kamba.

Kipimo cha maji. Funga kona nne kwenye miti ili katikati kubonyee kama bakuli. Mimina ndoo moja ya lita 20. Chini yake tandaza majivu makavu au gazeti. Acha usiku mzima. Asubuhi angalia madoa. Unyevu mdogo upande wa chini waweza kuwa umande, hivyo futa na usubiri nusu saa. Ukirudi, ni uvujaji.

Kipimo cha mkunjo. Chagua sehemu moja, ikunje kwa nguvu, isugue kwa kidole kwenye mkunjo mara ishirini, ikunjue, kisha rudia kipimo cha maji pale pale. Kama utando unatoa unga mweupe au magamba, turubai hilo litavuja kabla ya masika.

Kipimo cha pete. Pitisha kamba kwenye pete ya kona na uvute kwa mkono polepole hadi kwa nguvu. Pete nzuri hukaa kwenye pindo lililokunjwa mara mbili na kuwekewa kamba ndani. Pete iliyobanwa kwenye tabaka moja tu hutoka na kuacha mdomo wazi, na hapo upepo ndipo huanzia kuchana.

Kwa hema au turubai lenye mishono ya cherehani, kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Paka gundi ya kuzibia mshono upande wa nje kabla ya mvua ya kwanza.

Turubai zuri laweza kuozesha

Hili ndilo jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kitu kisichopitisha maji kutoka nje hakipitishi pia mvuke kutoka ndani. Ukifunika makopa ambayo hayajakauka sawasawa, joto la mchana hutoa unyevu ndani yake, unyevu hupanda, hugonga turubai lililopoa usiku, hugeuka matone na kudondokea mazao. Asubuhi mkulima hulaumu turubai kwamba linavuja, kumbe ni jasho la makopa yenyewe.

Dawa yake ni nafasi. Weka fito ili turubai lisilale juu ya mazao, acha pande mbili za chini zipitishe hewa mvua isipokuwa ya upepo, na jua likitoka tu funua. Kama huna budi kufunika mazao mabichi usiku mzima, la kitambaa ni afadhali kuliko la plastiki.

Namna ya kulifunga

Mvua ya milimita 50, ambayo katika masika si ajabu, ikinyesha juu ya turubai la mita 4 kwa 6 huleta lita 1,200 za maji. Hizo ni ndoo 60, zaidi ya tani moja. Hakuna turubai wala kamba ya genge inayotakiwa kubeba mzigo huo. Kwa hiyo mteremko ni muhimu kuliko jina la kiwanda. Upande mmoja wa genge ukiwa na kimo cha mita 2.2, mwingine uwe mita 1.2 au 1.4. Weka pipa upande wa chini, maji hayo yatamwagilia bustani na kuoshea vyombo.

Badala ya kutoboa turubai kupata pa kufungia, chukua kijiwe laini cha ukubwa wa yai la kuku, kiviringishe ndani ya turubai, kisha funga kamba shingoni mwake. Kamba hushika bila tundu. Kwenye kamba inayoingia chini ya paa, funga kitambaa au fundo kabla haijafika ndani. Maji yanayotiririka juu ya kamba yataishia hapo na kudondoka nje.

Pale turubai linapogusa ncha ya mti au bati, viringisha kipande cha gunia. Machano mengi si ya mvua, ni ya kusuguana.

Gharama kwa msimu

Tuseme turubai la kwanza ni Sh30,000 na linamaliza msimu mmoja, na la pili ni Sh90,000 na linamaliza misimu minne. Kwa misimu minne la rahisi litakugharimu Sh120,000, na la ghali Sh90,000. Hapo hatujahesabu gunia hata moja lililolowa. Bei za soko hubadilika, lakini namna ya kuhesabu ni hiyo hiyo: gawanya bei kwa misimu, kisha ongeza thamani ya kile unachokifunika.

Si kila kazi inataka la ghali. Kuanika mchana na kuanua jioni, la gramu 100 linatosha kama uwanja umefagiliwa vizuri. Kufunika mzigo wa usiku nje, tafuta la karibu gramu 200. Kwa gari linalosafiri kila wiki au ghala la kikundi, changeni mnunue la PVC. Kwa sakafu, usinunue chochote kabla ya kukata magogo.

Kulitunza

Jua ndilo adui mkubwa kuliko mvua. Plastiki isiyo na dawa ya kuhimili mionzi hukauka na kuvunjika vunjika kama jani la mgomba. Kazi ikiisha lianue. Lioshe kwa maji bila sabuni kali, likauke pande zote, kisha liviringishe badala ya kulikunja kwenye mistari ile ile kila siku. Lining'inize juu, mbali na panya. Turubai lililobeba mbolea, dawa ya kuua wadudu au mafuta ya gari lisirudi kwenye uwanja wa kuanikia chakula, hata likioshwa.

Kiraka cha plastiki ya kufuma kibandikwe pande zote mbili, na turubai liwe safi na kavu. Likishindikana kabisa, usilichome. Moshi wa PVC ni sumu. Kata vipande vya kufunikia tanuri la matofali, kuni au kiti cha pikipiki. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Juni 1, 2019 ilihusu mifuko ya kubebea bidhaa na haikugusa maturubai, lakini mabaki yake mashambani huziba mifereji vile vile.

Masika iliyofuata, mwaka 2024, nilikuwa na magunia manne tu nje. Maturubai yangu ya bluu yalikuwa yamebaki moja, nalo nililipima juani nikakuta vitobo vinane, nikaviziba. Chini nilikata miembe iliyokufa nikapata magogo sita, juu nikalaza fito. Jirani yetu alipita akatazama, hakusema neno, akasogeza gogo moja kidogo ili likae sawa.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nilianza kugusa gunia la chini.